Kiatu Katika Kihenge cha Mwenyekiti

TANGAZO. Watumishi wote wa kituo mnaarifiwa kwamba kikombe cha bati chenye mkono wa buluu, mali ya ofisi ya Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, hakijaonekana tangu Ijumaa. Aliyekichukua kwa nia njema akirudishe. Aliyekichukua kwa nia mbaya naye akirudishe. Ni amri.

Inspekta Severine Bagenda alilisoma tangazo hilo mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kusoma kila kilichobandikwa ukutani, kisha akaingia kwa mwenye kikombe. Mkuu wa Upelelezi alikuwa akinywa chai kwa bilauri, na hilo halikumpendeza.

"Huyo Ngosha," alisema Mkuu bila kuinua macho. "Nataka ashitakiwe kesho asubuhi. Mauaji."

"Maiti hatuna, afande."

"Kiatu tunacho."

Kiatu walikuwa nacho kweli. Kilikuwa cha mtoto, cha mguu wa kushoto, cha ngozi laini na kifungo cha chuma, kilichoshonwa Denmark. Mwenyewe alikuwa mvulana wa miaka mitatu na nusu hivi, aliyetolewa katika kituo cha kulelea yatima na kukabidhiwa kwa Bwana Aksel Thorsen na mkewe Inger. Wawili hao walikuwa wamekuja Mwanza kwa jambo moja tu, kumwasili mtoto huyo. Walipanga nyumba Ilemela, wakajifunza Kiswahili, wakajifunza kusimama kwenye foleni ya sukari, wakangoja Mahakama Kuu iridhike kwamba mtoto hana mtu duniani. Alhamisi iliyopita, wakati siku ya uamuzi imekaribia, mtoto alitoweka uani mchana kweupe. Siku chache baadaye ukazuka uvumi katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, uvumi usio na mwenyewe, kwamba mtoto ameonekana na Ndugu Ngosha, mwenyekiti wa Kijiji cha Ujamaa cha Mwabuhele. Ngosha huyo ndiye aliyempeleka mtoto kwenye kituo cha yatima mwaka juzi na kuapa kwamba hana wazazi. Askari walikwenda Mwabuhele, wakapekua, na ndani ya kihenge cha mtama cha mwenyekiti wakakuta kiatu.

"Sababu ya kuua ni nini?" Bagenda aliuliza.

"Alitegemea Wazungu watamshukuru kwa chochote. Hawakumshukuru. Akalipiza."

"Kuna ushahidi kwamba alitegemea?"

"Kila mtu hutegemea." Mkuu aliweka bilauri chini. "Nimepigiwa simu mbili, Bagenda. Mmoja anataka mwenyekiti aachiwe, Chama kisiaibike. Mwingine anataka anyongwe, Chama kisiaibike. Nimemsikiliza wa pili kwa sababu cheo chake ni kikubwa zaidi."

"Naomba mpaka jioni, afande."

"Jioni unayo. Kesho huna."

Nyumba ya akina Thorsen ilikuwa imebanwa kati ya majabali mawili, kama zilivyo nyumba nyingi za upande huo, na ua wake ulikuwa na ukuta ambao mbuzi mwenye nia angeuruka. Paskazia, yaya, alikuwa akikunja nguo za mtoto ambazo hakuna aliyezivaa. Alikuwa mama wa makamo kutoka Bukoba, na aliposikia jina la Bagenda alimsalimia kwa heshima ya mtu aliyekutana na wa nyumbani mahali pa msiba.

"Mtoto huyu ni wa kupiga kelele?" Bagenda alimuuliza.

"Aguswe na asiyemjua, baba, majirani wote watatoka. Mimi mwenyewe wiki ya kwanza alinifanya kama mwizi."

"Siku ile?"

"Kimya. Nilikuwa naanua nguo huku nyuma. Niliporudi barazani, hayupo."

"Mtu aliyempendeza mtoto haraka namna hiyo alimwambia nini? Mnamwitaje hapa?"

Paskazia alitazama mlango wa ndani, akapunguza sauti. "Bibi anamwita Jonas. Ni jina la baba yake bibi. Mtoto haitiki, anamwangalia tu. Mimi nikitaka aje namwita kama walivyomwita wenzake kule kituoni. Kashindye. Hapo anakuja mbio hata awe anakula. Lakini bibi hapendi, kwa hiyo namwita tukiwa nje."

"Nje wapi?"

"Sokoni Mwaloni. Jumatano tunakwenda kununua sato. Wiki ile alikimbilia majini, nikapaza sauti, Kashindye, Kashindye, soko zima likageuka."

"Jumatano. Na Alhamisi akapotea." Bagenda alimgeukia. "Paskazia, kwetu ukikutana na mtu anaitwa Ishengoma, unamuuliza nini?"

"Namuuliza Kato yuko wapi." Alijibu upesi, kwa kuwa hakuna Mhaya asiyejua kwamba Ishengoma na Kato ni majina ya mapacha. Kisha mikono yake ikasimama juu ya nguo. "Kwani hilo nalo ni jina la namna hiyo?"

Kabla Bagenda hajasema, Bibi Inger alitokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho mekundu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kilivyofundishwa.

"Umempata?"

"Bado, mama. Viatu vyake alikuwa amevaa siku hiyo?"

"Hapana. Jonas hapendi viatu. Anavua kila mara. Viatu vilikuwa viwili hapa barazani, vyote. Jioni niliona kimoja tu." Alikwenda ndani akarudi nacho, cha mguu wa kulia, akakishika bila kukitoa. "Yule mzee mmemfunga. Mimi nataka aumie."

"Hilo ni la mahakama."

"Mahakama yenu najua. Wanasema ngojeni. Sisi tumengoja, tumengoja, na yeye hakungoja." Mumewe aliita jina lake kutoka ndani, taratibu, kwa lugha yao. Hakugeuka. "Nataka aumie sana, Inspekta. Andika hivyo."

Bagenda hakuandika. Alikuwa akifikiri kwamba anayetaka kumvika mtoto huchukua viatu viwili. Anayechukua kimoja na kuacha mwenziwe barazani, pale pale ambapo mama wa nyumba atakiona, anataka kitu cha kutambuliwa.

Aliporudi kituoni alitoa kielelezo kabatini na kukinusa. Aliingiza kidole ndani mpaka kwenye ncha, akakitoa kimenata magamba madogo ya rangi ya fedha. Alimwita Sajini Mhoja, aliyeongoza upekuzi, akamwonyesha.

"Hukuyaona haya?"

"Tulitafuta kiatu, afande. Tulipokipata tuliacha kutafuta."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na Bagenda aliliheshimu kwa kiasi hicho. Waliteremka pamoja mahabusu.

Ngosha alikuwa ameketi sakafuni kama mtu anayeongoza mkutano uliochelewa kuanza. Alikuwa na umri wa kutosha kuamkiwa, na Bagenda alimwamkia.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Umekuja kunifungulia, au kunisalimia?"

"Kuuliza. Mama wa yule mtoto alikufa lini?"

"Nimeshasema. Alifia kwenye uzazi. Mtoto wake wa kwanza na wa mwisho."

"Na uliapa hivyo mbele ya ofisa ustawi wa jamii."

"Niliapa. Mhuri wa kijiji ninao mimi."

"Mtoto anaitwa nani?"

"Yona. Andika Yona."

"Mbona anaitika Kashindye?"

Mwenyekiti aliangalia dirisha, ambalo lilikuwa juu mno kuonyesha chochote. "Watoto wanaitwa majina mengi."

"Hilo haitwi mtoto wa kwanza. Mimi ni Mhaya, Mwenyekiti, lakini nimefanya kazi Shinyanga muda wa kutosha. Wasukuma wenzako wakipata mapacha wanawaita Kulwa na Dotto, na anayezaliwa nyuma yao ndiye Kashindye. Mwanamke aliyefia uzazi wa kwanza haachi Kashindye. Ungekuwa na ofisa Msukuma siku ile usingethubutu kumwambia. Nyumbani kwako kuna watoto wangapi?"

"Wawili. Wa marehemu kaka yangu."

"Majina?"

Aliyejibu ni Sajini Mhoja, mlangoni, kwa sauti ya mtu anayegundua jambo wakati analisema. "Kulwa na Dotto, afande. Ndio waliotuelekeza kwenye kihenge."

"Mama yao yuko wapi, Mwenyekiti?"

"Mjini."

"Hai?"

"Wanawake wa namna ile hawafi." Ngosha alitema mate pembeni, akafuta mdomo kwa nyuma ya kiganja. "Justa. Kaka yangu alipokufa, alitakiwa arithiwe, nami ndiye niliyebaki. Sikumlazimisha. Nilimwita mbele ya ukoo, kwa heshima. Alisema afadhali alale zizini na mbuzi, wao wananuka lakini hawahutubii. Watu walicheka, Inspekta. Mpaka leo nikisimama kusema habari za pamba naona mtu nyuma anacheka, na ninajua anacheka nini."

"Ukamtoa mtoto wake."

"Alilazwa hospitali, kifua kikuu, anakohoa damu. Nani alitegemea atarudi?"

"Alirudi."

"Nilimwonyesha kaburi. Nikamwambia surua."

"Kaburi la nani?"

"Kaburi ni udongo. Si lazima liwe na mtu." Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayetoa maelekezo ya kilimo. "Lilikuwa kwenye mahame yetu ya zamani. Operesheni ilipotuhamishia kijijini, trekta lililima mahame yote. Sasa ni shamba la pamba. Hata akitaka kufukua, hajui afukue wapi."

"Kwa nini hukuwatoa mapacha?"

Ngosha alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mapacha hawatolewi ovyo. Wana mambo yao. Nani anataka balaa?"

"Huyo Justa alikuja lini mara ya mwisho kuwaona?"

"Jumamosi. Huwaletea dagaa."

"Ulijua ni yeye aliyetia kiatu."

"Nilijua nilipokiona."

"Na umenyamaza, ukiwa mtuhumiwa wa mauaji."

"Nikimtaja, nimemtaja mama aliye hai. Niliapa hayupo." Kwa mara ya kwanza mwenyekiti alionekana mzee. "Kafiri yule amefikiri. Amekaa na wavuvi, akajifunza kutega."

Mwaloni jua lilikuwa limekaa juu ya dagaa walioanikwa mchangani mpaka kwenye maji. Justa alikuwa akiwageuza kwa fagio la njukuti, mwanamke mwembamba mwenye mabega ya mtu aliyewahi kuugua, na hakusimamisha fagio alipoona wanaume wawili wakimjia.

"Wa leo hawajakauka," alisema. "Mkitaka wa jana, muulizeni yule pale."

"Tunataka habari za watoto wako," alisema Bagenda, akajitambulisha.

"Ninao wawili. Wako kwa shemeji yangu. Nasikia mmemfunga."

"Umesikia wapi?"

"Soko linasema."

"Linasema sana soko hili. Wa tatu yuko wapi?"

"Alikufa. Surua. Muulize Mwenyekiti, yeye ndiye aliyemzika."

"Kiatu tulichokuta kwake kina magamba ya dagaa ndani."

"Mwanza nzima ina magamba. Hata hayo mabuti yako."

"Kihenge cha mtama cha Mwabuhele hakina. Na aliyechukua kiatu kile aliacha mwenzake barazani kwa makusudi. Justa, mimi sikuja kubishana. Nina jambo moja la kukuambia, na nitalisema mara moja. Ukisema mtoto yu hai, nitaandika kwamba wewe ni mama yake, na nitaeleza nimejuaje. Ukisema amekufa, Ngosha atashitakiwa kesho kwa kumuua, na mtoto huyo hatakuwa na jina popote. Utamficha mpaka lini? Anaanza shule, anatibiwa, anaoa, kila mahali ataulizwa yeye ni nani."

Fagio lilisimama. Justa aliegemea mpini wake, akamtazama kwa makini kama anayepima mzani wa mwuzaji mwingine.

"Ngosha atanyongwa kweli?"

"Mkuu wangu anataka hivyo."

"Na mwenyekiti mwenzake wa wilaya hatamtoa?"

"Safari hii sidhani."

"Basi amekufa," alisema Justa. "Andika. Mwanangu amekufa, na Ngosha ndiye aliyemuua. Mimi mwenyewe niliona kaburi."

Akarudi kugeuza dagaa. Sajini Mhoja alikohoa. Bagenda alitazama safu ya vibanda vya mabati nyuma ya uwanja wa kuanikia, ambako wachuuzi walihifadhi magunia na kulala mchana. Akatia mikono mifukoni, akapaza sauti kama mtu anayemwita wa kwake.

"Kashindye!"

Mlango wa kibanda cha tatu ulisukumwa kutoka ndani, na mvulana akatoka mbio, miguu mitupu, mkononi kipande cha muwa. Alipomwona asiyemjua alisita, akafungua kinywa kulia, kisha akamwona Justa akamkimbilia na kuficha uso katika khanga yake. Justa hakumwinamia mara moja. Alikuwa akimwangalia Bagenda kwa chuki safi isiyo na haraka.

"Ulikuwa umebakiza siku ngapi hapa?" Bagenda aliuliza.

"Nilikuwa nangoja boti ya Ukerewe. Kwa mama yangu." Sasa alimbeba mtoto. "Jumatano ile nilikuwa napima dagaa nikasikia mtu anaita Kashindye. Nikasema moyoni, jina la wangu, mwenzangu mmoja naye ana Kashindye. Nikageuka. Nikamwona juu ya mgongo wa yule Mhaya, na nyuma yake bwana wa Kizungu amebeba kikapu. Nilikaa chini kwenye dagaa, kisha nikawafuata mpaka nyumbani kwao. Misimu miwili ya pamba nimepita pembeni mwa lile shamba nikivua viatu, Inspekta, maana sikujua nakanyaga wapi."

"Ungekuja kituoni siku ile ile."

"Nije niseme nini?"

"Jina tu. Mimi jina lingenitosha."

"Wewe. Na Mkuu wako? Mimi mchuuzi wa dagaa, yeye ana mhuri. Angeamini nani?"

Bagenda aliona kwamba swali hilo lilikuwa na jibu, na kwamba halikuhitaji yeye kulitoa.

"Alinipa kaburi lisilo na mtu," alisema Justa. "Nilitaka nimpe lenye mtu. Basi."

Kituoni Bibi Inger alifika kabla ya chai ya alasiri, akiwa bado ameshika kiatu cha kulia. Alimwona mtoto kwenye benchi, akaita Jonas, na mtoto akajisogeza karibu zaidi na Justa, ingawa alimtabasamia kidogo, kwa kuwa alimjua na hakuwa na ugomvi naye. Bagenda alieleza yote kwa ufupi. Bwana Aksel alikaa kitini akafunika uso. Mkewe alibaki amesimama.

"Sisi tuliambiwa mama amekufa," alimwambia Justa. "Hatukuiba."

"Sikusema mmeiba."

"Kwa nini basi ulinifanya nilie? Ungekuja nyumbani. Ungeniambia. Umeniacha nalia mtoto mzima, mwenye afya, anakula muwa."

"Umelia tangu Alhamisi?"

"Ndiyo. Usiku na mchana."

"Sasa unajua," alisema Justa. "Mimi nilianza hivyo hivyo."

Inger alimgeukia Bagenda, na sauti yake ilikuwa ileile ya asubuhi. "Na huyu pia ashitakiwe. Nataka huyu pia."

Bagenda alipeleka taarifa yake ghorofani ikiwa imepangwa kwa mfuatano, kila hoja na shahidi wake: jina, mapacha, kiatu kimoja, magamba, kiapo cha uongo. Aliomba mambo mawili. Ngosha ashitakiwe kwa kuapa uongo na kumtorosha mtoto kutoka kwa mama yake, na mtoto alale kwa mama yake usiku huo. Simu ilipigwa Mkoani, ikapigwa tena. Jua lilipokuwa linashuka nyuma ya majabali ya Igogo, Mkuu wa Upelelezi aliwaita wote ofisini, pamoja na Ngosha aliyekwisha rudishiwa mkanda wake, akasoma karatasi iliyopigwa chapa. Alisoma bila kuinua macho.

"Moja. Kwa kuwa mtoto ameonekana akiwa hai, shauri la mauaji limefutwa. Mbili. Kwa kuwa taarifa ya uyatima ilitolewa na mwenyekiti halali wa kijiji, na haijatenguliwa na mamlaka yoyote, taarifa hiyo inaendelea kuwa sahihi mpaka Dar es Salaam itakapoelekeza vinginevyo. Tatu. Kwa kuwa mwanamke anayedai kuwa mama ni mshitakiwa wa kutengeneza ushahidi wa uongo, dai lake halitapokelewa kabla ya kesi yake kwisha. Nne. Ombi la Bwana na Bibi Thorsen limesimamishwa, nao wanashauriwa kuendelea kungoja. Tano. Mtoto arudishwe katika kituo cha yatima jioni hii. Sita. Ndugu Ngosha arejee kazini mara moja, kwa kuwa msimu wa kulima umewadia. Saba. Watoto Kulwa na Dotto, ambao mama yao hana uwezo wa kuwalea akiwa mahabusu, wataendelea kuwa chini ya uangalizi wa Ndugu Mwenyekiti."